TB, nauli na dirisha: majibu ya maswali yenu

Wiki hii meseji nyingi ni za TB na karibu zote zimetoka vijijini, kwahiyo leo tunakaa hapohapo.

Mzee wetu anakohoa mwezi wa pili sasa, tumemnunulia dawa ya kikohozi chupa 3 haijasaidia. Tujaribu ipi? (Bariadi)

Hakuna ya kujaribu. Hili swali nimeshalijibu mara nyingi na bado linarudi vilevile. Kikohozi kikifika wiki 2 mtu anapimwa makohozi, na kama ana VVU hata hizo wiki 2 asisubiri. Kupima ni bure, dawa za TB ni bure. Hela ya hizo chupa 3 ilikuwa nauli ya kituoni jamani, na wajukuu wanaolala chumba kimoja na babu wamevuta hewa yake muda wote huo, nao wapelekwe wakapimwe.

Mume wangu kaanza dozi juzi, mama mkwe kamtengea sahani na kikombe. Ni sawa?

Si sawa. TB haikai kwenye sahani, inapita kwenye hewa. Mle pamoja, ila fungueni dirisha. Najua nyumba zetu vidirisha ni vidogo na usiku tunaviziba na matambara sababu ya baridi na mbu, sasa mbu tumieni chandarua, hewa muiache ipite. Hizi wiki za mwanzo alale peke yake kama nafasi ipo, na afunike mdomo akikohoa.

Mkojo umekuwa mwekundu, naogopa.

Ni rifampisini, moja ya dawa za TB, ndiyo inayobadili rangi ya mkojo, endelea kumeza. Ila macho yakiwa ya njano rudi kituoni siku hiyohiyo. Na kina mama mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango mwambieni nesi, hiyo dawa inavipunguzia nguvu.

Kaka yangu aliacha dawa za TB dozi ikiwa mwezi wa tatu, alipata nafuu akarudi shamba na hela ya boda hatukuwa nayo. Sasa anakohoa tena, tunaogopa manesi watamgombeza.

Mrudisheni kesho, akigombezwa agombezwe akiwa na dawa mkononi. Na nyie manesi mnaosoma hapa, mgonjwa aliyerudi mwenyewe mkimfokea wenzake waliobaki nyumbani hamtawaona tena.

Dozi ya kawaida ni miezi 6, miezi 2 dawa 4, halafu miezi 4 dawa 2. Nafuu inakuja mapema manake wadudu wengi wanakufa mwanzoni, ila waliobaki ni wale wagumu, ukiacha hapo unaweza kuishia na TB sugu ambayo ina dawa zake nyingine na zenye maudhi zaidi.

Halafu hii nauli. Dawa ni bure lakini ugonjwa sio bure, kuna boda, kuna siku za kibarua zinazopotea, kuna chakula. Shirika la Afya Duniani linahesabu kaya imeelemewa pale TB inapokula zaidi ya asilimia 20 ya kipato chake cha mwaka. Sasa huyo kaka akifariki daftari la michango litapita kila nyumba na hela itapatikana, maturubai yatapatikana, ng'ombe atachinjwa, nimeviona hivyo vikao na vinaniuma. Iteni kikao hichohicho akiwa hai, mchange nauli ya miezi yote. Mkifika muulizeni mhudumu kama anaweza kuhamishiwa dispensari ya karibu, au amezee nyumbani akiwa na msimamizi mnayemwamini.

Nanyonyesha na nimekutwa na TB, nimwachishe mtoto?

Usimwachishe, TB haipiti kwenye maziwa yako. Mpeleke akapimwe, akiwa hana ugonjwa atapewa dawa ya kinga, hata kama alishachanjwa BCG, ile chanjo ya TB. Maziwa ya ng'ombe ndiyo mchemshe, kuna TB ya ng'ombe.

Dawa zinanichoma tumbo, kwa siku nakula mara moja tu.

Meza na uji kidogo, au usiku ukienda kulala. Gongo acha kabisa, ini halitaweza vyote viwili. Kama hata uji hakuna sema kituoni na kwa mwenyekiti wa kitongoji, kidonge usikiache kimyakimya. Na ukihisi ganzi au miguu inawaka moto sema pia, kuna vitamini B6 ya hilo tatizo.