Kabla hujanunua ndoano za mbuta

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa dukani mjini Kisumu. Pesa alikuwa nazo mkononi, muuzaji amemwekea pakiti tatu juu ya kaunta, naye alikuwa na swali moja tu: "Mjomba, nichukue namba ngapi?" Nikamuuliza anataka kuvua mbuta, yaani sangara, wa ukubwa gani, na atatega wapi. Akanyamaza. Nikamwambia arudishe pesa mfukoni aje kwanza Dunga, ufuoni ninakovulia, tuongee.

Nimetega kamba za ndoano Ziwa Victoria miaka 19, yaani kamba kuu ndefu inayoning'iniza matawi, kila tawi na ndoano yake, na nimeona vijana wengi wakimaliza mtaji kwa sababu walianzia dukani. Anza na samaki, kisha chambo, ndoano ije baadaye.

Kwanza uelewe namba zenyewe, maana zinahesabiwa kinyume. Namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo. Namba 7 ni kubwa kuliko namba 12. Anayeanza husikia 13 akadhani amepewa dude la kuvulia mamba.

Mimi nilianza na hizo namba 13. Nilinunua 300 kwa mpigo, kwa kuwa zilikuwa rahisi na kila aliyekuwa nazo alirudi na samaki. Ni kweli, zinakamata. Kila asubuhi nilikuwa na mbuta ndani ya boti, na karibu wote walikuwa wa dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mnunuzi wa samaki wa kiwandani aliwatenga pembeni bila hata kuwapima, nikabaki kuwauzia akina mama wa kukaanga kwa bei ya kutupa. Nchi tatu za ziwa zilikubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo ni mtoto, juu ya hapo ni mzazi mkubwa anayetaga kuliko wote.

Sheria nilikuwa naijua. Haikunigusa mpaka mzee mmoja wa ufuoni aliponiita, akachukua mmoja wa samaki wangu na kumpasua tumbo juu ya ubao. Kwa ncha ya kisu akanionyesha vifuko viwili vyembamba kama uzi wa kushonea. "Wuoda," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hapa ndipo mayai yangekaa. Huyu hajawahi kutaga hata mara moja." Nilimtazama yule samaki, nikatazama beseni langu lililojaa wenzake. Wiki hiyo nilizitoa ndoano zote kwenye kamba.

Sasa ndani ya ghuba, kuanzia Dunga kwenda mbele, natumia namba 9 au 8. Nikienda nje ya kisiwa cha Rusinga, kwenye maji yenye kina, naweka namba 7. Mbuta wadogo bado wataigusa, lakini wengi hawaimezi.

Kuchagua namba sahihi hakutoshi kama chuma chenyewe ni kibovu, na hilo nilijifunza kwa uchungu. Alfajiri moja navuta kamba, tawi likakaza, boti ikainama upande wangu. Nikaona ubavu wa mbuta, mweupe wa kung'aa, mpana kama mlango wa kabati. Ghafla kamba ikalegea. Ndoano ilipotoka majini ilikuwa imenyooka kama sindano. Namba 8, mpya, ya wiki mbili.

Tangu siku hiyo sinunui pakiti bila kuijaribu. Nachukua ndoano moja, naishikiza kwenye msumari uliopigwa kwenye mbao ya boti, nafunga kamba na mizani ya kuning'iniza, kisha navuta polepole hadi kilo 15. Ndoano nzuri hufunguka kidogo, ukilegeza inarudi. Ikibaki wazi, chuma ni laini. Ikikatika tik, ni kigumu mno, na hiyo nayo usiichukue. Halafu iburute ncha juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Ikiteleza ni butu, ikikwama inafaa. Angalia na tundu la kufungia, kama halijafumba vizuri litaikata nailoni yako usiku. Muuzaji akikasirika kwa kuona unajaribu, nenda duka jingine.

Chambo nacho kina sauti katika uamuzi huu. Mimi hutumia mumi, yaani kambare, wadogo wa urefu wa kidole, wakiwa hai. Fulu, yule samaki mdogo wa ziwani, anapendwa na mbuta sana, lakini anakufa upesi. Mumi ni mgumu wa kufa, atachezacheza hadi alfajiri, na siku hizi kuna wakulima wanaowafuga kwenye mabwawa ili kutuuzia sisi. Ndoano kubwa kupita kiasi itamuua. Iliyo ndogo itazama yote ndani ya nyama, na mbuta akiuma haitapata pa kushika kwenye taya. Kwa mumi wa kidole, namba 8 inakaa sawasawa chini ya ngozi ya mgongo, ncha ikiwa nje.

Kamba kuu iwe na nguvu kuliko matawi. Mimi kamba kuu ni plai 36, matawi plai 18; plai ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Ukinasa kisiki, au likaja dude usiloliweza, heri likatike tawi moja na ndoano moja kuliko kupoteza mstari mzima. Kati ya tawi na tawi naacha pima tatu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na tawi lenyewe ni pima moja, ili samaki wawili wa jirani wasifikiane na kusokotana. Tega mbali na gugu maji. Upepo ukigeuka, lile zulia la majani litakokota kamba yako, na hutajua lilikoipeleka.

Usitege palipo na tope jeusi linalonuka, hasa miezi ambayo maji hayachanganyiki vizuri. Kamongo na mumi huvumilia maji yasiyo na hewa. Mbuta hawezi, atakuwa amehama.

Wengine wataniuliza kwa nini nisitumie nyavu. Nyavu halali, zenye macho mapana, ni kazi nzuri, ila mtaji wake ni mkubwa na zikiibwa usiku umekwisha. Kokoro, yaani nyavu za kukokota hadi ufuoni, na nyavu za mono, zile za uzi mmoja wa plastiki, zimepigwa marufuku, na hata zisingepigwa marufuku nisingekushauri.

Na usianze na ndoano 500. Mpwa wangu nilimwachia anunue 100 tu, namba 8, baada ya kuvunja mbili na kurudisha pakiti moja. Jumamosi tulikaa barazani kuzifunga. Nailoni inateleza, kwa hiyo nilimwambia alilowanishe kila fundo kwa mate kabla ya kukaza, kisha alivute kwa mguu. Alipofika ya 40 hivi nilivuta moja likafunguka mkononi mwangu. Akaniangalia tu. Tukarudi kwenye ya kwanza, tukazivuta zote upya, na tulipomaliza taa ilikuwa imeshawashwa.