Urefu wa Ekstensheni na Unene wa Waya: Niliyojifunza Nyumbani Lamu

Tulipomwoza dada yangu hapa Mkomani, jiko la wanawake liliwekwa katika uwanja wa nyuma ya nyumba ya ami yangu, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyesifika kuwa na mkono wa umeme, nilipewa kazi ya kuufikisha umeme huko. Nilikuwa na ekstensheni ya mita 30 iliyozungushwa katika kigurudumu cha plastiki. Kutoka soketi ya ndani hadi lilipokuwa birika kubwa la kuchemshia maji ya chai hapakuzidi mita 12, basi nikavuta kiasi nilichohitaji, nikauacha waya uliosalia umejiviringa palepale kigurudumuni, kisha nikakisukuma kigurudumu chini ya kiti ili wageni wasijikwae. Birika lenyewe lilikuwa la wati 2,500. Haikupita saa moja, bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele karibu na kiti kile aliniita: "Mwanangu, mbona hapa pananuka kama kiatu kilichotiwa motoni?"

Nilichomoa plagi na kukigusa kigurudumu, nikaurudisha mkono mara moja. Kesho yake nilijaribu kuufungua waya. Mizunguko ya nje ilitoka bila tabu, lakini ile ya ndani ilikuwa imegandamana kama halua iliyosahauliwa juani, ganda la mzunguko mmoja likiwa limezama katika ganda la mwingine, na mahali pawili niliiona shaba ikichungulia. Kiti kilikuwa cha mbao na mkeka ulikuwa chini yake. Sikumweleza ami yangu mambo yote siku ile.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba fyuzi haikukatika. Nilipokaa na kalamu nilifahamu sababu. Wati 2,500 ukizigawa kwa volti 240 unapata ampea 10 na kitu, na fyuzi ya plagi ilikuwa ya ampea 13, kwa hiyo kwa upande wake hapakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika waya. Nilikuwa nimeisoma ile "13A" iliyochapwa kwenye plagi nikaidhania kuwa ni sifa ya ekstensheni nzima, ilhali ni sifa ya plagi peke yake. Waya uliokuwa ndani ulikuwa wa milimita za mraba 0.75, ambao hata ukinyooshwa mahali penye hewa haupaswi kubeba zaidi ya ampea 6. Mita 30 za kwenda na 30 za kurudi, katika waya mwembamba kiasi hicho, zilikuwa zikigeuza wati 170 hivi kuwa joto, na zaidi ya nusu ya joto hilo lilikuwa limefungiwa kigurudumuni lisiwe na pa kutokea. Ni kama kuiwasha balbu ya zamani ya wati 100 na kuifunika kwa blanketi. Kwa sababu hiyo ekstensheni nyingi za kigurudumu zina maandishi madogo yenye viwango viwili vya wati, kimoja cha waya uliofunguliwa wote na kingine, kidogo zaidi, cha waya uliobaki umeviringwa. Yangu ilikuwa nayo pia. Nilikuwa sijawahi kuyasoma.

Tangu siku hiyo, kabla ya kununua au kuazima ekstensheni, huuliza kwanza kifaa kitavuta ampea ngapi, kisha ni mita ngapi, na mwisho ndipo nitazame unene wa waya. Kwa waya mlaini wa shaba unaotumika katika ekstensheni, milimita za mraba 0.75 hubeba ampea 6, milimita 1 hubeba 10, 1.25 hubeba 13, 1.5 hubeba 16 na 2.5 hubeba 25. Viwango hivyo ni vya joto la waya tu na havisemi lolote kuhusu urefu. Urefu huleta tatizo la pili, nalo ni volti kupotea njiani. Ili kuijua hasara hiyo, zidisha mita za ekstensheni kwa ampea za kifaa, zidisha tena kwa 0.04, kisha gawanya kwa milimita za mraba za waya. Kifaa cha ampea 10 kikiwekwa kwenye waya wa 1.5 wenye mita 20, utapoteza volti 5 na kidogo, jambo linalovumilika. Kifaa hichohicho kwenye waya wa 0.75 hupoteza volti karibu 11, tena waya wenyewe umekwisha kuelemewa. Mafundi wengi huhesabu asilimia 5, yaani volti 12 kati ya 240, kuwa ndio mwisho, lakini mimi hukomea volti 7, kwa kuwa nyaya za ukutani nazo huwa zimekwisha kuchukua fungu lao.

Nchini Uingereza, ambako plagi zetu za pini tatu za bapa zilitoka, wakaguzi wa vifaa vya umeme hufuata mwongozo wa mita 12 kwa ekstensheni ya 1.25, mita 15 kwa ya 1.5 na mita 25 kwa ya 2.5. Ukiipita mipaka hiyo, inahitajika swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, kwa kuwa kadiri waya unavyozidi kuwa mrefu ndivyo mkondo wa hitilafu unavyodhoofika, na fyuzi huweza kuchelewa kukatika.

Hasara ya volti huonekana waziwazi zaidi kwenye mota kuliko kwenye birika. Birika likikosa volti huchelewa tu kuchemsha. Mota huungua. Ami yangu ana pampu ya nguvu farasi moja inayopandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu ya dari, na kwa muda mrefu iliungwa kwa waya wa 0.75 wenye urefu wa mita 40 hivi. Ikishazunguka, pampu ile huvuta ampea 6 tu, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba waya unaitosha. Lakini mota inapoanza huvuta mara tano hata zaidi ya kiasi hicho. Jioni moja iligoma, ikawa inanguruma pasipo kuzunguka. Nilipima soketini nikapata volti 224, nikaenda kupima kisimani nikapata 180. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 180 ilikuwa imebakiwa na nusu na kidogo tu ya nguvu zake, nayo ilikuwa inatakiwa kuusukuma mlingoti mzima wa maji. Tuliizima kabla koili hazijaungua, ingawa fundi aliyeitazama baadaye alisema kwamba vanishi yake ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Tuliubadilisha waya kwa wa 2.5, na kwa kuwa mita 40 zinaupita mwongozo niliotaja, tukaongeza swichi ya usalama. Sasa pampu inapoanza volti hushuka hadi 210 kwa kitambo kidogo kisha hupanda. Hata hivyo, lau ningeshauriwa mapema, ningemwita fundi avute waya wa kudumu ndani ya bomba, kwa maana ekstensheni si ya kukaa miaka.

Katika ununuzi, usilitazame ganda. Ganda nene haligharimu chochote, na nimeona waya mnene kama kidole ambao ndani yake shaba ni chache mno. Tafuta maandishi yaliyochapwa kwenye ganda, kama 3G1.5, maana yake nyaya tatu, mmoja wao ukiwa wa ardhi, kila mmoja wa milimita za mraba 1.5. Yasipokuwapo, mwombe muuzaji akuoneshe ncha iliyokatwa uhesabu nyuzi. Waya wa kawaida wa 1.5 huwa na nyuzi 30 zenye kipenyo cha robo milimita, wa 2.5 huwa na 50 za aina hiyo, na wa 0.75 huwa na 24 zenye kipenyo cha milimita 0.2. Kisha ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukitoa rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa kiasi kisichofika theluthi mbili za shaba halisi, kwa hiyo waya wa 1.5 wa namna hiyo ufanye kuwa ni wa 1. Muuzaji mmoja alinikasirikia nilipoomba kisu, nami nikaondoka bila kununua.

Kwetu pwani kuna adui mwingine, naye ni hewa ya chumvi. Ekstensheni iliyokaa miezi barazani huota kutu ya kijani ndani ya soketi, na pini inayoshika kwa ulegevu huchemka hata waya ukiwa mnene. Ukichomoa plagi ukaikuta moto au ukaona weusi pembeni mwa tundu, hiyo ikate uitupe. Usiupitishe waya katika makuti, wala usiulaze kukata uchochoro bila kuuinua, kwa sababu punda hawaruki waya. Kwato moja yenye mzigo wa mchanga juu yake huweza kuzikata nyuzi nusu bila ganda kuonesha jeraha, na nusu iliyobaki ndiyo itakayobeba mkondo wote. Na ekstensheni isiyo na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, siiungi kwenye pampu wala pasi, hata ikiwa ni mita 2.

Siku hizi nyuma ya mlango wangu zimetundikwa mbili. Moja ni ya mita 10 ya 1.5, na nyingine ni ya mita 25 ya 2.5 ambayo ni nzito kuibeba hadi mtaa wa Langoni. Kila moja nimeifunga kitambaa chenye maandishi ya urefu, unene na wati zake za mwisho. Msimu wa Maulidi hugongewa mlango karibu kila jioni. Mwenye kuja kuazima humwuliza kwanza anakwenda kuwasha nini, naye akinijibu "taa tu na spika" humpa ile fupi, kisha humsihi aifungue yote mpaka mwisho.