Panya wa nchi kavu anadhuruje miamba ya baharini?

SWALI: Nimesikia kwamba kuangamiza panya katika visiwa visivyo na watu huwanufaisha samaki na matumbawe. Panya hali matumbawe, sasa uhusiano uko wapi? Na kwa nini kazi hiyo ni ngumu zaidi katika tropiki?

JIBU: Ndugu msomaji, uhusiano wao ni ndege. Buabua na ndege wengine wa bahari huvua mbali na kisiwa, kisha hurudi kulala na kutaga. Kinyesi chao kimejaa naitrojeni na fosforasi. Mvua hukisomba hadi baharini, mwani ukastawi, samaki wanaoula wakashiba, na kwa kuula wakayaachia matumbawe nafasi. Panya hula mayai na makinda. Ndege wakiisha, mbolea nayo hukatika.

Chagos, katika Bahari ya Hindi, inalionyesha hili vizuri kwa kuwa baadhi ya visiwa vyake vina panya walioletwa na meli, na vingine havina. Utafiti uliotolewa 2018 ulikuta kwamba visivyo na panya vina msongamano wa ndege mara 760 zaidi, na uzito wa samaki kwenye miamba yake unazidi kwa asilimia 48. (Tusisahau pia kwamba Wachagosi waliondolewa huko kwa lazima kati ya 1968 na 1973. Ukimya wa visiwa vile si wa asili.)

Ugumu wa tropiki ni chakula tele mwaka mzima, pamoja na kaa wa nchi kavu. Sumu inayotumika sana, brodifakumu, huzuia damu ya panya kuganda lakini kaa haimdhuru, kwa hiyo humaliza chambo bila wasiwasi. Kule Palmyra, katika Pasifiki, mwaka 2011 ilibidi chambo kimwagwe kwa wingi kwa helikopta, na kingine kipandishwe hadi kwenye vilele vya minazi, maana panya waliishi humo. Panya waliisha. Miche ya miti ya asili ilichipua kwa wingi, na hata mbu aina ya Aedes albopictus alitoweka. Mwaka huohuo, katika kisiwa cha Henderson, nacho cha Pasifiki, panya wachache walisalia, wakazaana, na kazi yote ikapotea. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kurudisha panya kisiwa kizima.

Kwa hiyo anayepanga kazi hii na aanze na kaa: amwage chambo kisicho na sumu, apime kinaliwa kwa kasi gani, ndipo akadirie kiasi cha sumu.