Kwa nini faili hazifunguki mara seva ya akiba inaposhika zamu?

SWALI: Tuna seva mbili za faili zinazotumia NFS (mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao) kwenye Linux. Ya kwanza ikizima, ya pili huchukua anwani ya IP kwa sekunde chache na hujibu ping (jaribio la kuona kama mashine inafikika), lakini watumiaji hukwama kama dakika moja na nusu. Je, tubadilishe swichi?

JIBU: Iacheni swichi, ingawa ndiyo hulaumiwa kwanza. Kinachowachelewesha ni NFS toleo la 4 lenyewe, ambalo kwa kawaida huipa seva iliyoanza upya muhula wa sekunde 90 ili wateja (mashine za watumiaji) waliokuwa wameshika makufuli, yaani haki ya kutumia faili bila kuingiliwa, wayadai tena. Katika muhula huo, anayeleta ombi jipya la kufungua faili hujibiwa kwa kosa namba 10013, na mashine yake hurudia ombi kimyakimya, kila mara ikisubiri zaidi, hadi sekunde 15. Ndiyo maana skrini huganda bila ujumbe wowote.

Muhula unaweza kufungwa mapema iwapo wateja wote waliosajiliwa wametangaza kuwa wamemaliza kudai. Tangazo hilo lilikuja na toleo la 4.1, wa toleo la 4.0 hawana namna ya kulitoa, kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba hakuna aliyebaki huko. Hata hivyo, mashine moja iliyozimika pamoja na seva inatosha kuwasubirisha wengine wote hadi mwisho.

Mnaweza kupunguza muda wenyewe katika /etc/nfs.conf, kwa kubadilisha lease-time (muda ambao mteja anaweza kukaa kimya bila kupoteza makufuli) na grace-time (urefu wa muhula wenyewe) kwenye seva zote mbili kabla huduma haijaanza, grace-time isiwe fupi kuliko lease-time. Linux hukubali kushuka hadi sekunde 10, lakini mimi ningeishia 30, kwa sababu mteja akikatika mtandao kwa muda unaozidi lease-time, seva inaweza kumnyang'anya makufuli yake.

Angalieni pia saraka ya /var/lib/nfs. Kumbukumbu za wateja zilizomo lazima zikae kwenye diski inayohama pamoja na huduma. Zikibaki kwenye seva iliyozima, seva mpya haitamtambua mtu, itafungua milango upesi, nanyi mtafurahia kasi hiyo huku programu zikipoteza makufuli katikati ya kuandika. Anwani ya IP nayo ipandishwe mwisho, baada ya diski na orodha ya saraka zinazoshirikiwa kuwa tayari.