Kuwinda Hazina Mezani Ukiwa Peke Yako: Mwandikie Adui Sheria Kwanza

Kwa miaka minne sasa, jioni za Jumamosi, meza ya chakula nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, hugeuka kuwa mji uliobomoka. Kuta zake ni matofali madogo ya udongo niliyoyafinyanga na kuyakausha juani, na theluji yake ni mchanga mweupe wa ziwani niliouchekecha kwa chekecheo la unga. Theluji inahitajika kwa sababu mchezo ninaoufuata ni Frostgrave, mchezo wa mezani wa visanamu na dadu, uliotungwa na Joseph A. McCullough na kuchapishwa Uingereza mwaka 2015, ambao unahusu magwiji wa nguvu za siri wanaoingia na wapiganaji wachache katika magofu ya mji uliogandishwa na barafu, ili kuokota hazina zilizoachwa humo. Gwiji huyo mimi humwita mganga, kwa kuwa katika mji wetu neno mchawi halitamkwi ovyo mbele ya wageni.

Mchezo huu kwa kawaida huchezwa na watu wawili au zaidi, na hapa mjini sijapata mwenzangu. Nilipoanza, niliendesha pande zote mbili kwa kichwa changu tu, nikiamini kwamba mtu mwaminifu hawezi kujipendelea. Nilijidanganya. Usiku mmoja mpiga mishale wa adui alikuwa juu ya gofu, na kijana wangu alikuwa akipita chini amebeba sanduku la hazina; nikaamua kwamba adui hamwoni kwa sababu ya ukuta uliokuwa kati yao. Raundi iliyofuata nikamruhusu mpiga mishale wangu kurusha juu ya ukuta ule ule, na mshale ulipompata adui ndipo nilipotambua nilichokifanya. Siku hiyo nilikusanya hazina zote, wala sikuona raha yoyote.

Tangu hapo adui hapewi uamuzi wowote wakati mchezo unaendelea. Kabla sijapanga hata tofali moja, naandika kwenye kadi atakachofanya, kwa mpangilio: akimwona mtu wangu aliye ndani ya umbali wa silaha yake, anamshambulia, wakiwa wengi, anamchagua aliye karibu zaidi, wakilingana, anamchagua aliyebeba hazina, asipomwona yeyote, anaelekea kwenye hazina iliyo karibu naye. Jambo lisilokuwemo kwenye kadi huamuliwa na dadu, na huandikwa papo hapo ili safari nyingine lisiulizwe tena. Kuhusu nani anamwona nani, navuta uzi wa cherehani kutoka kichwa cha kisanamu kimoja hadi kingine, na uzi ukigusa ukuta, hakuna anayerusha, awe wangu au wa adui.

Jambo la pili linalostahili uangalifu ni uzito wa hazina, kwa sababu hapo ndipo mchezo wote ulipo. Anayebeba hazina mwendo wake hupungua nusu. Kwenye meza ya futi 3 kila upande, sanduku lililo katikati liko inchi 18 kutoka ukingoni, kwa hiyo safari ya kutoka nalo huchukua muda mara mbili ya ile ya kulifuata, na mbebaji anahitaji watu wa kumlinda njia nzima. Mimi nimeongeza sheria yangu: kila sanduku linapoinuliwa narusha dadu ya pande 20, na ikitoka 16 au zaidi, yaani nafasi 1 kati ya 4, adui mpya anaingia kutoka ukingo ambao pia huchaguliwa na dadu. Ukicheza peke yako bila shinikizo la namna hii, utazunguka magofuni kama mtu anayeokota maembe.

Dadu ya pande 20 si rahisi kuipata madukani kwetu. Usijaribu kuziba pengo hilo kwa kujumlisha dadu tatu za ludo, maana namba za katikati hutawala: 10 ina njia 27 kati ya 216, ilhali 18 ina njia moja tu, na mapigano yote hupoteza hofu. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, uvitie ndani ya kopo, na kila unachokitoa ukirudishe kabla ya kutoa kingine. Kwa vipimo, futi ya fundi cherehani inatosha kabisa, kwa kuwa ina inchi.

Mchezo ukiisha, daftari ninamoandika hali ya wapiganaji wangu ndilo linaloumiza. Kila mpiganaji aliyeanguka hurushiwa dadu, na ikitoka 1 hadi 4, amekufa. Mwezi uliopita mpiga mishale wangu wa tangu mwanzo aliinua sanduku la mwisho. Maadui wawili walikuwa sawasawa kwa umbali kutoka kwake na kwa mwenzake, na kadi niliyoiandika kwa mkono wangu ikawaelekeza kwake. Mkono ulisita juu ya kopo. Nikachomoa kikaratasi, kikawa 3. Niliandika jina lake daftarini, nikaondoa kisanamu chake mezani, na Jumamosi iliyofuata mganga wangu akaingia magofuni na wapiganaji saba badala ya wanane.