Mzee akikutupia vikombe vya mazoezi

Mdogo wangu, nimesoma ulivyoeleza: mzee wa hapo Lindi aliyepata kiharusi, mkono wa kulia umelegea, amekutupia vikombe vya mazoezi akisema unamchezesha kama mtoto wa chekechea, nawe ukamjibu kwa ukali. Pole sana.

Mrudie mapema, usingoje kliniki ijayo. Mwamkie, kaa usawa wake, umwambie waziwazi: "Mzee wangu, juzi nilikujibu vibaya. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Kisha muulize mikono yake ilizoea kazi gani kabla hajaugua.

Hapo ndipo ilipo tiba kwa vitendo, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo kupitia kazi alizozizoea. Tuseme alihudumia mikorosho maisha yake yote: kwa mtu kama huyo, vikombe vya plastiki ni kudhalilishwa. Mpe korosho zilizokwisha kubanguliwa amenye lile ganda laini la ndani, atenge nzima na vipande. Vidole vitabana na kuachia vilevile. Zenye ganda gumu usithubutu. Mafuta yake yanaunguza ngozi, na mkono wenye ganzi hauhisi.

Ujue pia kwamba kiharusi chenyewe kinaweza kuleta hasira au kilio ambacho mgonjwa hawezi kukizuia. Mweleze na mkewe, maana wengi hudhani mume amegeuka tabia, wakaumia kimyakimya.

Akikupiga, hilo ni jambo jingine. Simamisha zoezi, andika kwenye faili, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo, na safari ijayo usiende kwake peke yako.