Usikate kaulingi kabla hujapima injini

Kuna ndege ndogo moja, Cessna 172, pale uwanja wa Arusha, Kisongo, ambayo mpaka leo nikipita karibu yake naangalia mdomo wa kaulingi, lile ganda linalofunika injini, kwanza kabla sijaangalia kitu kingine, sababu kile kiraka cha faiba kilichopo pale chini chanzo chake ni mimi na msasa wangu. Naandika hii kwa vijana mnaoanza kazi ya ufundi ndege na pia kwa wenye ndege zao ambao mnaambiwa na fundi "kaulingi imepinda" alafu mnakubali tu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na kama miaka miwili hangani. Ndege ilikuwa ya mafunzo, wanafunzi wanaitua kila siku, tena wanaitua kwa kishindo maana ndio wanajifunza. Rubani mmoja akaandika kwenye kitabu kwamba akizima injini anasikia kitu kinakwaruza mbele. Nikaenda kuangalia nikakuta kweli, bati la nyuma ya spina, ile kofia ya mbele ya propela, limelamba mdomo wa chini wa kaulingi mpaka rangi imetoka. Nikaona kazi ndogo hii. Nikachukua tupa na msasa nikala kama milimita tano, nikapaka rangi, nafasi ikaonekana nzuri, aliyetakiwa kukagua akaangalia juu juu akasaini, ndege ikaruka.

Haikupita mwezi ikarudi. Inakwaruza tena palepale, na safari hii marubani wanalalamika oili inapata joto kali wakati wa kupanda. Hapo ndipo akaja mzee mmoja ambaye amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakata hapa?"

"Mimi mzee."

"Ulipima nini kabla ya kukata?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nihakikishe switchi za magneto, zile zinazoipa injini cheche, zimezimwa na funguo iko juu ya dashibodi anapoiona, alafu akashika propela karibu kabisa na shina akainyanyua kidogo kwa mikono miwili, na injini nzima ikanesa kama jino bovu. Akasema, mwanangu, mlango ukikwama hukimbilii randa, unaangalia kwanza bawaba.

Sasa hili ndilo nataka mlielewe vizuri maana kila kitu kingine kinatoka hapa. Kaulingi kwenye ndege hizi imeshikwa na mwili wa ndege, inafungwa kuzunguka fayawoli, ule ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Injini yenyewe haigusi kaulingi kabisa. Injini imekaa kwenye fremu ya mabomba ya chuma, na kati ya fremu na injini kuna raba nne, ndizo zinazomeza mtetemo. Injini yenyewe, Lycoming O-320, ikiwa kavu ina kama kilo 110, ongeza propela, oili, altaneta na makorokoro mengine, na mzigo wote huo umening'inia mbele ya fayawoli kama mtu aliyenyoosha mkono ameshika ndoo. Kwa hiyo raba mbili za juu zinavutwa mbele na mbili za chini zinabanwa nyuma, mchana na usiku, hata ndege ikiwa imelala hangani. Ukiweka na joto la chini ya kaulingi na oili inayovuja kidogo kidogo, raba inachoka. Inalegea, inapasuka, au inakauka inakuwa ngumu huku imeshabonyea. Pua ya injini inashuka na spina inashuka nayo. Kaulingi iko palepale ilipokuwa siku ya kwanza.

Ndio maana dalili zinakuja kwa mpangilio. Ukisimama mbele unaona mdomo wa juu wa kaulingi umepanda juu ya spina kama ngazi. Ukisimama pembeni unaona nafasi kati ya spina na kaulingi ni pana juu na nyembamba chini, maana injini haijashuka tu, imeinama. Ile ya kwangu tulipopima ilikuwa milimita 11 juu na 4 chini, na hiyo 4 ni baada ya mimi kukata!! Bila msasa wangu kungekuwa hakuna nafasi kabisa, na mimi nilikuwa nimeifuta dalili badala ya kuisoma.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo. Ndege iwe sehemu tambarare, tairi zina upepo sawa, propela imetulia. Mimi natumia drili biti, ule upande laini wa nyuma, naanza na ndogo kwenda kubwa, naingiza juu, chini, kushoto, kulia, kubwa kuliko zote inayoingia bila kulazimisha ndio kipimo changu, naandika. Nafasi ya karibu robo inchi, yaani milimita 6 hivi, ndiyo wajenzi wengi wa ndege ndogo wanaitumia, ila ndege yako ina kitabu chake cha ufundi na kitabu hicho ndio kinaamua. Alafu zungusha propela nusu mzunguko (taratibu, na kila siku ichukulie kama injini inaweza kuwaka) upime tena palepale. Ukiona kipimo kimehama na propela, basi tatizo liko kwenye spina au bati lake, sio kwenye injini. Watu wengi wanaruka hii hatua na wananunua raba za bure, na raba za ndege sio bei ya raba za Corolla.

Kingine, usishtuke ukiona injini imeelekea kulia kidogo au chini kidogo. Kuna ndege zimetengenezwa hivyo makusudi ili kupunguza ile tabia ya pua kukimbilia kushoto au kunyanyuka ukiwa na nguvu nyingi. Nimeshaona mtu anataka kuweka washa, zile pete bapa za bolti, ili "ainyooshe". Washa za kuinua injini zipo kweli kwenye baadhi ya ndege lakini ni pale tu kitabu kinaporuhusu, kinasema ngapi na wapi. Hujaona kwenye kitabu, usiweke.

Kabla ya kulaumu raba angalia na fremu. Safisha kabisa grisi na vumbi, chukua tochi na lenzi ya kukuza mara kumi, fuata kila maungio ya weldi. Ndege zinazotua kwenye viwanja vya changarawe huko Serengeti, Ndutu, Kogatende na kwingineko, fremu zake zinapata shida sana, na ufa mdogo uliojificha chini ya klampu unaweza ukaishusha injini kwa namna ileile raba inavyoishusha. Ufa ukiuona hiyo kazi sio ya fundi weldi wa mtaani hata kama anachomelea vizuri kiasi gani, fremu inatoka inapelekwa kwa wenye kibali.

Kubadilisha raba sasa. Kitu cha kwanza, weka stendi chini ya mkia. Ukiibeba injini kwa winchi uzito wa mbele unapungua na Cessna inaweza kukaa kitako, mkia unapiga sakafu. Pili, raba za ndege nyingi sio nusu mbili zinazofanana, kuna upande mgumu na upande laini zenye namba tofauti, na mpangilio wa juu sio sawa na wa chini, kwa sababu ileile niliyosema ya kuvutwa na kubanwa. Ukichanganya, injini itainama siku ya kwanza tu na utasema raba ni feki. Soma namba moja moja na mchoro uwe mbele yako. Bolti kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, usitumie "mkono wangu unajua".

Tulipomaliza ile 172 nafasi ikawa karibu sawa juu na pembeni, na chini ikawa kubwa kupita kiasi, bila shaka, maana kaulingi nilishaila. Ndio kikawekwa kiraka. Mwenye ndege alilipa raba na alilipa kiraka, na hicho cha pili hakikuwa deni lake. Bado kinaniuma.

Alafu kuna hili ambalo hata mafundi wazoefu wanajisahau. Injini ikinyanyuka milimita nane, kila kinachotoka kwenye mwili wa ndege kwenda kwenye injini kimesogea. Waya wa throto (wa kuongeza nguvu) na wa mikscha (wa mchanganyiko wa mafuta na hewa) zinabadilika urefu wa safari, lazima uhakikishe zinafika mwisho pande zote mbili kwenye kabureta, sio kwenye dashibodi tu. Hozi za mafuta na oili angalia hazijavutika. Ekzosi angalia inapotokea chini haigusi bati, maana ekzosi nayo inatembea na injini. Na waya wa athi! Raba hazipitishi umeme, kwa hiyo kuna waya mnene unaounganisha injini na mwili. Ukisahau kuurudisha, siku ukipiga stata umeme wote utatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni waya wa throto au wa mikscha. Unapata moto hadi unaungua au unaganda. Mimi baada ya kufunga naugusa kwa mkono na kusema kwa sauti "athi ipo", wenzangu wameshazoea.

Tuje kwenye lile joto la oili, maana marubani walikuwa sahihi. Hewa ya kupoza inaingia kwenye yale matundu mawili ya mbele, inajaa juu ya injini, inasukumwa kushuka katikati ya mapezi ya silinda na kwenye kipoza oili, inatokea chini. Kinachoizuia isitoroke ni vile vibati vya bafoli na raba zake laini zinazobana chini ya kaulingi ya juu. Injini ikishuka, raba hizo nazo zinashuka, zinaacha mwanya, hewa inapita hapo bila kupoza chochote. Arusha uwanja uko zaidi ya futi 4,500, hewa tayari ni nyepesi, unapanda polepole pua ikiwa juu mchana wa jua, huna hewa ya kupoteza. Lycoming wenyewe wanaruhusu kichwa cha silinda mpaka nyuzi 500 za Farenihaiti, ila wanashauri ukae chini ya 400 kwenye safari kama unataka silinda zidumu. Kwa hiyo injini kuinama sio suala la muonekano jamani, silinda zinalipa.

Hizo raba za bafoli zikunje zielekee ndani, upande wenye presha, ili hewa yenyewe izisukume zibane kaulingi. Zikikunjika nje hewa inazifungua.

Ukishafunga kaulingi, bila kulazimisha skrubu hata moja (skrubu ikikataa kuingia usitoboe tundu jipya, rudi ukapime), subiri giza au funga milango ya hanga. Ingiza taa kwa chini, pale hewa inapotokea, alafu nenda mbele uchungulie kwenye matundu ya hewa. Popote unapoona mwanga kwenye ukingo wa raba, hapo hewa inatoroka, weka alama kwa chaki. Usiku ule mimi na mzee tulikuta sehemu tatu, mbili karibu na silinda ya nyuma kushoto na moja kwenye kona ya mbele. Akanipa chaki nikaweka alama mwenyewe, tukafungua kaulingi tena, na tuliondoka hangani saa nne.

Na pima tena ikishatembea masaa 25 hivi, maana raba mpya nazo zinabonyea kidogo zikishabeba mzigo.